Kumfungulia mbwa kamba jijini New York: mwongozo kwa anayeanza

Swali hili nimeulizwa msibani kule Bronx, nimeulizwa kwenye foleni ya kutuma pesa, na wiki hii nimeulizwa mara tatu kwa simu: "Kaka, huyu mbwa nimfungulie wapi?" Waulizaji ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mzazi ambaye watoto waliozaliwa huku wamemshinda nguvu, na sasa kuna mbwa sebuleni kwenye fleti ya chumba kimoja. Wa pili ni kijana aliyepata kazi ya kutembeza mbwa wa watu na hajawahi kushika kamba ya mbwa maishani, maana alikotoka mbwa hatembezwi. Mchana analala, usiku anafunguliwa alinde boma.

Mimi nilianzia hukohuko. Mbwa wangu anaitwa Dogo, na Wamarekani hudhani nimelichezea neno lao. Nimeshapoteza naye viatu viwili, koti moja, na asubuhi nzima nikimtafuta kwenye vichaka. Ninayoandika hapa ndiyo huwa nawajibu wote wanaoniuliza.

Jibu fupi: wapi na saa ngapi

Ndani ya bustani za jiji unaruhusiwa kumfungulia mbwa katika mazingira mawili tu. Nje ya hapo awe kwenye kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8, hata akiwa mpole kama kondoo.

La kwanza ni uwanja wa mbwa. Ni eneo lenye uzio na geti, limetengwa kwa ajili yao, na unaweza kuingia wakati wowote bustani ikiwa wazi. Uwanja wa kwanza jijini ulifunguliwa Tompkins Square, Manhattan, mwaka 1990. Leo viko vingi: Washington Square na Carl Schurz pana sehemu ya mbwa wakubwa na sehemu ya wadogo, Riverside Park ina zaidi ya kimoja, Brooklyn kuna McCarren Park, na Bronx kuna Van Cortlandt.

La pili ni saa za kufungulia. Katika bustani kadhaa, kwenye sehemu zilizotajwa, mbwa huruhusiwa kukimbia bila kamba tangu bustani inapofunguliwa hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 3 usiku hadi inapofungwa. Kwa miaka mingi hii ilikuwa desturi ya kufumbiana macho tu. Kikundi cha wakazi wa Queens kikaipeleka mahakamani, jiji likashinda, na mwaka 2007 desturi ikaandikwa kuwa kanuni. Central Park hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku. Prospect Park hufunguliwa saa 11 alfajiri. Prospect ndiko kwenye ile nyasi ndefu ya Long Meadow, na ukifika hapo asubuhi ya Jumamosi utadhani mbwa wote wa Brooklyn wameitwa mkutanoni.

Angalizo la saa: nimeandika kwa saa zetu. Bango litakuambia 9. Jamaa yangu mmoja alisoma hiyo 9 akili ikiwa bado Tanga, akafika saa tisa alasiri, akamfungulia mbwa katikati ya watoto wa shule waliokuwa wakicheza. Faini aliilipa.

Na jingine linalowachanganya wageni: Central Park, pamoja na ukubwa wake wote, haina uwanja wa mbwa wenye uzio. Ni saa za kufungulia tu, tena si kila mahali. Sheep Meadow na Strawberry Fields, kwa mfano, hazimo.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Leseni ya mbwa ya jiji. Hutolewa na Idara ya Afya, na unaweza kuiomba kwa intaneti. Ada ni dola 8.50 kwa mwaka kama mbwa amehasiwa au amefungwa kizazi, na dola 34 kama bado. Utaletewa kibati, mbwa akivae shingoni mwake, kisikae kwenye droo.
- Chanjo ya kichaa cha mbwa, na uthibitisho wake. Wakati wa saa za kufungulia afisa wa bustani ana haki ya kukuomba leseni na cheti cha chanjo. Mimi nimepiga picha vyote viwili na pia ninabeba nakala ya karatasi, maana simu huzimika baridi ikizidi.
- Chanjo nyingine: parvo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa (huwa pamoja), kikohozi cha mbwa, na leptospirosisi. Hiyo ya mwisho usiiruke. Wanaokumbuka taarifa za Lindi mwaka 2022 wanaijua kwa jina la homa ya mgunda. Ni ugonjwa uleule. Huenezwa na mkojo wa panya, na panya wa New York sina haja ya kukuhadithia. Sindano ya kwanza hufuatiwa na ya pili baada ya wiki chache, kisha kila mwaka. Na humpata binadamu pia.
- Dawa ya viroboto na kupe, hasa kuanzia majira ya kuchipua.
- Kipandikizi cha utambulisho chini ya ngozi (microchip), kilichosajiliwa kwa namba yako ya simu ya sasa. Wengi wanacho, ila kimesajiliwa kwa namba waliyoiacha miaka minne iliyopita.
- Kamba ya kawaida ya futi 6. Ile ya kujikunja yenye mpini wa plastiki iache nyumbani. Inakata vidole na kunasa miguu ya watu.
- Kamba ndefu nyepesi, mita 10 hivi. Utaiona kazi yake kwenye hatua ya 9.
- Vifuko vya kinyesi, vingi kuliko unavyodhani. Sheria ya kuokota ni ya tangu mwaka 1978, na faini sasa ni dola 250.
- Maji yako na bakuli lako.
- Vipande vidogo vya kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu, bila mfupa.

Kwa nyumba zenye wanaoswali: tenga koti na viatu vya uwanjani, vikae mlangoni. Mbwa wa watu watakulamba utake usitake, na ukifuata madhehebu ya Shafi kama wengi wetu wa pwani, unajua kuosha mara saba, moja kwa udongo, si jambo la kufanya kila jioni kwenye bafu la fleti.

Hatua kwa hatua

1. Mfundishe kuitika, ukianzia sebuleni. Kabla hujauliza pa kumfungulia, jiulize atarudi vipi. Chagua neno moja. Mimi natumia "Njoo!" na nimegundua faida yake: uwanja mzima unapiga kelele kwa Kiingereza, neno langu halifanani na la mtu mwingine. Ila jina ni tatizo. Ukimwita mbwa wako Simba, siku utakapopaza sauti watakuja watatu.

Anza chumbani, hatua tatu tu. Sema neno mara moja, akija mpe kipande cha kuku. Fanya hivyo mara kumi kwa siku kwa wiki moja. Kisha kwenye korido ya jengo, kisha uani, kisha kando ya barabara akiwa kwenye kamba. Usilitumie neno hilo kumwitia jambo asilolipenda: kuoga, kukatwa kucha, au kugombezwa. Ukimwita ukamchapa, umemfundisha kukukimbia, na viboko vyetu vya nyumbani havina kazi hapa.

Kipimo changu ni hiki: akiitika mara 9 kati ya 10 huku mbwa mwingine akipita ng'ambo ya barabara, yuko tayari kwa uwanja wenye uzio. Kwa nyasi zisizo na uzio, hapana, bado.

2. Tafuta uwanja kwenye ramani. Tovuti ya Idara ya Bustani ya jiji ina orodha ya viwanja vya mbwa na ya bustani zenye saa za kufungulia, mtaa kwa mtaa. Usipoielewa, piga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, uombe mkalimani wa Kiswahili; huduma hiyo ni bure.

Usichague kwa ukaribu pekee. Uwanja mzuri una mageti mawili yanayofuatana, ili mbwa asichomoke unapoingia. Una sehemu ya wadogo iliyotengwa, na maji ya mvua hayatuami. Ukiona mashimo ya panya kando ya uzio au dimbwi la kijani, tafuta mwingine.

3. Nenda kwanza peke yako. Hatua hii kila mtu huiruka. Simama nje ya uzio dakika 20, na kahawa yako mkononi. Soma bango lote. Mabango mengi huweka ukomo wa idadi ya mbwa kwa mtu mmoja, hukataza chakula, na hukataza jike aliye kwenye joto la kutaka dume pamoja na watoto wa mbwa wasiofikisha miezi 4. Kisha watazame wenye mbwa. Wakiwa wamesimama wakitazama wanyama wao, vizuri. Wote wakiwa wameinamia simu huku mbwa mmoja amemwekea mwenzake miguu mgongoni na hakuna anayejali, rudi nyumbani.

4. Chagua saa tulivu. Mara ya kwanza nenda siku ya kazi, saa 5 asubuhi au saa 8 mchana, kukiwa na mbwa wawili au watatu. Epuka saa 12 jioni watu wakitoka kazini, na epuka Jumamosi na Jumapili asubuhi. Mbwa mgeni kati ya mbwa ishirini ni kama mtu aliyeshuka Kariakoo mara ya kwanza akiwa na begi kubwa: kila mmoja anamvuta upande wake.

5. Mtembeze kwanza. Dakika 20 za kutembea, ajisaidie, anuse. Wengi humleta akiwa amefungiwa ndani siku nzima, wakitaka uwanja umchoshe. Mbwa wa namna hiyo huingia kama risasi, na ndipo ugomvi unapozaliwa.

Ukienda kwa treni ya chini ya ardhi, kanuni inataka mnyama awe ndani ya chombo au mfuko na asisumbue abiria. Utawaona watu wamembeba mbwa wa kilo 25 ndani ya mfuko mkubwa wa dukani, kichwa na miguu ya mbele nje, na hakuna anayeshangaa. Mimi natembea.

Njiani angalia chini. Mifupa ya kuku imetapakaa kando ya barabara za jiji hili, na mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Neno la pili la kumfundisha baada ya "Njoo" ni "Acha".

6. Mageti mawili, kwa utaratibu. Fungua geti la nje, ingia, lifunge, hakikisha limeshika. Hapo katikati ndipo unapomvua kamba, na kama amevaa mkanda wa miiba au wa kukaba, uvue pia. Meno ya mwenzake yakinasa humo patakuwa na balaa. Abaki na mkanda bapa wa shingoni wenye vibati.

Mbwa wa ndani watakuja kumlaki getini. Subiri wapungue. Ukiweza, waombe wenyewe wawaite. Usimwingize akiwa bado kwenye kamba wakati wenzake wako huru, maana aliyefungwa hujiona amenaswa na huanza kujihami. Na usimbebe. Mbwa mdogo aliyebebwa juu huwafanya wengine waruke kumfuata, na utaangushwa wewe.

7. Tembea, na umsome mbwa. Ukiingia usisimame getini wala usikae kwenye benchi. Zunguka polepole, mbwa wako atakufuata na makundi hayatamzingira. Simu ikae mfukoni.

Sasa lugha yao. Mbwa anayetaka mchezo huinamisha kifua chini na kuinua makalio juu, na mwendo wake ni wa kuyumbayumba, kama anayefanya masihara. Wanaocheza vizuri hupokezana: mara huyu anafukuza, mara anafukuzwa. Wakisimama sekunde chache kupumua kisha wakaanza tena wenyewe, kaa utulie.

Mbwa mwenye hofu hufyata mkia, hujilamba midomo wakati hakuna chakula, hupiga miayo, hugeuza uso, hujificha katikati ya miguu yako. Usimsukume "akazoee". Mtoe. Hofu ya leo ndiyo meno ya mwezi ujao.

Cha kuogopa zaidi ni ukimya na ukakamavu. Mwili umekaza, mkia umesimama juu unatikisika kidogokidogo kama unyasi kwenye upepo, nywele za mgongoni zimesimama, macho hayapepesi. Watu wetu husema "si anatikisa mkia?" Ndiyo, anautikisa, lakini mkia uliokaza si wa furaha. Hapo usingoje. Muite, tembea upande mwingine, ikibidi mfunge kamba utoke.

Ukiwa na shaka kama mwenzake anafurahia, shika wako kwa sekunde tano. Yule mwingine akirudi mwenyewe kuomba mchezo, sawa. Akichukua nafasi hiyo kukimbia, umepata jibu.

8. Toka mapema. Dakika 15 zinatosha mara ya kwanza. Ndani ya hizo dakika 15 muite mara tatu au nne, mpe kipande cha kuku mkiwa pembeni, peke yenu, wala usikitoe mbele ya wengine. Kisha mwachie arudi kucheza. Ukimwita mara moja tu, wakati wa kuondoka, atajua "Njoo" maana yake ni mwisho wa raha, na wiki ya pili utamkimbiza uwanja mzima watu wakikucheka. Najua ninachokisema.

9. Ndipo uhamie kwenye nyasi za wazi. Baada ya ziara kumi hivi za uwanja wenye uzio, jaribu saa za kufungulia. Nenda alfajiri, kwenye sehemu iliyo mbali na barabara. Mfunge kamba ya mita 10 kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, iburute ardhini. Akikosa kuitika unaikanyaga. Kumbuka kamba hiyo inazidi futi 6, kwa hiyo nje ya saa hizo hairuhusiwi. Ukishapita wiki tatu bila kuikanyaga, ivue.

Kaa mbali na viwanja vya besiboli, sehemu za watoto kuchezea na mabwawa. Kuna eneo dogo Prospect Park karibu na Long Meadow wanakoruhusiwa kuingia majini, linaitwa Dog Beach. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini wahenga hawakukutana na ule utando wa kijani unaotanda juu ya maziwa ya bustani hizi wakati wa joto. Una sumu, na mbwa akiunywa au akijilamba manyoya baadaye anaweza kufa siku hiyohiyo. Ukiona utando au bango la onyo, hakuna kuogelea, hakuna kunywa.

Saa 3 kasoro dakika 10, mfunge. Usisubiri saa 3 kamili, maana mbwa hajui saa.

10. Mkirudi nyumbani. Pitisha vidole masikioni, kwapani na katikati ya kucha kutafuta kupe. Wakati wa baridi osha miguu: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huunguza nyayo, na akiilamba humtapisha. Wakati wa joto weka kiganja chako kwenye lami kabla ya kutoka. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, na yeye hawezi.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kuleta mpira anaoupenda kupita wote. Kwenye uwanja uliojaa mpira huo ni wa kugombewa.

Kuleta mtoto mdogo ndani ya uzio. Mtoto wa miaka minne anayekimbia na kupiga kelele, kwa mbwa mwenye msisimko, ni mchezo wa kufukuza. Mwache nje na mzazi mwingine.

Kumpeleka mbwa mdogo sehemu ya wakubwa kwa sababu "ana moyo". Moyo anao, uzito hana. Kilo 4 ikikanyagwa na kilo 40 mbavu zinaenda, hata pasipo ugomvi.

Kudhani kila mbwa anaupenda uwanja. Wapo wasioupenda, hasa wakishapita umri wa miaka mitatu au wakiwa wametoka kwenye makazi ya wanyama na mambo yao. Hao watembeze kwa kamba mahali tulivu. Hawana ugonjwa wowote, ni tabia yao.

Mambo yakiharibika

*Wanapigana.* Usiingize mkono karibu na vichwa, wala usishike mkanda wa shingoni. Wengi wanaoumwa na mbwa wao wenyewe huumwa hapo. Piga kelele kali, gonga kitu cha chuma, wamwagie maji. Isipofaa, kila mwenye mbwa ashike miguu ya nyuma ya wake, juu ya goti, na wote wawili warudi kinyumenyume kwa wakati mmoja, kama anayevuta toroli akirudi nyuma. Kama mmoja ameng'ata na hajaachia, msivute, mtachana nyama. Mkishawatenganisha wafungeni mbali. Chunguza chini ya manyoya: tundu la jino huonekana dogo juu na kuwa bovu ndani. Daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

*Mtu ameumwa.* Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Badilishaneni majina na namba, piga picha kibati cha leseni, ripoti kwa 311. Idara ya Afya hutaka mbwa achunguzwe kwa siku 10, na mwenye chanjo mara nyingi huchunguzwa akiwa nyumbani kwake. Waliokuja huku wakiogopa ofisi za serikali hukimbia eneo. Usikimbie, mbwa asiyejulikana alipo humlazimisha aliyeumwa kuchomwa sindano za kichaa ambazo pengine hakuzihitaji.

*Ameng'atana na rakuni.* Wale wanyama wenye barakoa ya manyoya usoni hubeba kichaa cha mbwa; Central Park iliwahi kukumbwa na mlipuko mwaka 2009 na 2010. Usimshike mbwa mikono mitupu, mate ya yule mnyama yanaweza kuwa kwenye manyoya. Vaa glavu, mpeleke kwa daktari hata kama chanjo yake haijaisha.

*Haji nikimwita.* Usimfukuze, kwake huo ni mchezo. Muite mara moja, kisha ukimbie upande mwingine ukicheka kama mwehu, au lala chini kwenye nyasi. Dogo alinipiga chenga asubuhi nzima kwa sababu ya kindi mmoja. Alirudi nilipokata tamaa nikakaa chini nikaanza kufungua kifuko cha kuku. Tangu siku hiyo tulirudi kwenye kamba ndefu mwezi mzima.

*Amepotea kabisa.* Mmoja abaki pale alipoonekana mara ya mwisho, na fulana yako iliyovaliwa ikae chini hapo. Mwingine atoe taarifa 311 na kwa makazi ya wanyama ya jiji, Animal Care Centers. Hapa ndipo ile namba ya zamani kwenye kipandikizi inapowaliza watu.

*Anaharisha siku kadhaa baada ya uwanja.* Huenda ni bakuli la maji la pamoja, na kidudu kiitwacho giardia. Chukua kinyesi kwenye kifuko, peleka kikapimwe. Akitapika, akiwa na homa, macho au fizi zimegeuka njano, au anakunywa na kukojoa kupita kawaida, usisubiri kesho. Hizo zinaweza kuwa dalili za homa ya mgunda.

*Mtu ananifokea kwamba mbwa wangu ni mkorofi.* Kwanza mfunge kamba, ndipo umsikilize. Mara nyingine ana haki. Akiwa hana, bado mfunge uondoke. Hujaja kushinda kesi.

*Mbwa si wangu, ni wa kazini. Nimfungulie?* Hapana, hata kama mwenye mbwa aliwahi kukuambia "hana shida". Taka ruhusa ya maandishi, ujumbe wa simu unatosha, ukitaja uwanja upi na saa zipi, na namba ya daktari wake. Ukishaipata, wiki ya kwanza nenda naye peke yake bila mbwa wa mteja mwingine, uwanja wenye uzio tu. Nyasi za wazi mwachie mwenyewe ampeleke.